Vibao Vitano vya Sababuni

Safari yenyewe haina la kusimulia: nilipanda, nikashuka, miguu ikauma. Ninachotaka kuandika ni habari za nchi niliyoikuta mbele, iitwayo Sababuni. Tangu nirudi watu huniuliza wanakula nini huko na wanavaa nini, na nikijaribu kuwaeleza jinsi wanavyofikiri, wanatazamana wakidhani uzee umenipata. Uzee umenipata kweli. Lakini kwa miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani, nikipita sokoni na mawe yangu ya kupimia, na mtu wa kazi ile hujifunza jambo moja hata akiwa mjinga wa mengine yote: usiiamini mizani kabla hujaweka kitu juu yake.

Mpakani nilimkuta karani mwenye daftari kubwa. Safu ya kwanza ilikuwa na kichwa "Aliyefika," na ya pili "Kilichofuata." Aliandika jina langu katika safu ya kwanza, kisha akanionyesha benchi.

"Kaa hapo, Mzee, tungoje."

"Tungoje nini?"

"Kitakachofuata."

Baada ya nusu saa manyunyu yakaanza. Karani akaandika "Mvua," akanishika mikono yote miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya, kisha akanipa kuku. Sijawahi kupewa kuku kwa kukaa kwenye benchi. Nilimla jioni ile kwa furaha, nikajisemea kwamba hawa ni watu wakarimu. Asubuhi upepo ukang'oa paa la ofisi yake, na karani yuleyule akaja kumdai kuku wake arudi. Nikamwambia alipo.

Hivyo ndivyo nilivyoijua sheria kuu ya Sababuni, iliyochongwa kwenye jiwe katikati ya mji: *Kilichotangulia ndicho baba wa kilichofuata.* Kila mtoto anaijua kabla hajajua jina la nyanya yake.

Nilipewa mwenyeji wa kunitembeza, Bwana Faki, mtu wa makamo mwenye miguu mirefu na maneno machache. Cheo chake kinaitwa Mwenza wa Njia. Kiongozi hawezi kuitwa, kwa sababu kiongozi hutangulia, na Sababuni hakuna anayetaka kutangulia katika jambo lolote. Atakayetangulia ataulizwa yaliyofuata. Kwa hiyo Faki alitembea ubavuni mwangu, bega kwa bega. Nikipunguza mwendo alipunguza, nikisimama kufunga kamba za viatu alisimama akitazama angani kwa adabu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliniambia siku ya kwanza. Kwetu ni maneno ya ukarimu tu. Yeye aliyasema kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa.

Milango yao ni mipana ya kutosha watu wawili kuingia pamoja. Maduka hufunguliwa yote kwa mpigo mmoja wa kengele, na kengele hupigwa na watu wawili wanaochungana wasizidiane. Wakikutana njiani, mkubwa na mdogo hutamka "shikamoo" na "marahaba" wakati mmoja, maneno yakagongana katikati, kila mtu akaenda zake ameridhika. Haya niliyacheka. Kisha Faki akanionyesha kiwanja chenye majivu ya zamani.

"Nyumba ya shemeji yangu," alisema. "Iliungua mwaka jana, mchana kweupe."

"Majirani walikuwa wapi?"

"Tulikuwepo wote. Tulikuwa tunatazamana." Akakohoa. "Atakayepiga yowe wa kwanza ndiye aliyewasha, Mzee. Sheria iko wazi."

Nikamwambia kwetu tuna methali: jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Faki alisimama ghafla, akageuka kuangalia nyuma. Akaniomba kwa sauti ya chini nisiseme maneno ya namna hiyo hadharani bila leseni, kwani hayo ni maneno ya Walegezaji, watetezi wa mahakamani.

Tulikuwa tumefika uwanja wa mahakama. Upande mmoja lilisimama tangi kubwa la mawe la kuvunia maji ya mvua, fahari ya mji, lenye mfuniko wa jiwe na bomba dogo chini. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anakoroga uji katika sufuria inayotosha kumwogeshea mtoto. Jina lake Siwatu, mjane wa miaka arobaini na kitu, mikono imejaa alama za moto, macho yasiyopepesa. Juu ya mkeka kando yake alilala mtoto wa kike wa miaka mitano, mjukuu wa Faki, aitwaye Mwatima. Alikuwa amekonda mpaka shingo ikaonekana ndefu. Faki alipiga magoti akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na yule mtu wa maneno machache akawa anaimba.

Habari yenyewe aliniambia Siwatu, bila kuacha kukoroga. Alianza kuuza uji miezi mitatu nyuma. Mwezi uleule watoto wakaanza kuumwa tumbo, na sasa walifika ishirini na watatu. Ameshtakiwa kwamba uji ndio unaowaumiza, na kesi ilikuwa baada ya siku tatu. Hoja ikisimama, sufuria zake zitavunjwa, mlango wa nyumba yake utajengwa kwa matofali, naye atavushwa mpaka na nguo zake tu.

"Una ndugu huko ng'ambo, mama?"

"Sina. Nimezaliwa mtaa ule pale. Mume wangu nimemzika nyuma ya ule ukuta."

Nilikaa pale asubuhi nzima nikitazama wateja, kwa mazoea ya kazi. Wengi walikuwa akina mama waliobeba watoto ambao tayari wanaumwa, waliokuja kwa kuwa uji ndicho chakula pekee kilichokaa tumboni mwao. Nilimwambia Faki: pengine watoto hawaumwi kwa sababu wanakunywa uji, wanakunywa uji kwa sababu wanaumwa. Kijiko cha Faki kikasimama hewani.

"Hiyo pia ni ya leseni," alisema.

*

Mwenye leseni alikuwa kijana aitwaye Vuai, Mlegezaji aliyepangiwa kumtetea Siwatu. Alikuwa wa kwanza katika mtihani wa mwaka wake, au tuseme alikuwa mmoja wa wale saba waliotangazwa kwa pamoja kuwa wa kwanza. Tulimkuta katika Chuo cha Ulegezaji, jengo zuri lenye paa jipya la bati linalong'aa. Juu ya ukuta wa darasa lake paliandikwa kwa herufi za urefu wa mkono: CHUKULIA KUWA NI KWELI.

"Mzee, kazi yangu si kujua nani kafanya nini," aliniambia kwa upole, maana alikuwa kijana mwenye adabu. "Mkazaji anakuja na hoja yake, ameikaza kama kamba ya kitanda. Mimi naletewa vibao vitano, kila kimoja kimeandikwa taarifa yake. Nachagua kimoja ambacho, kikichukuliwa kuwa ni kweli, kitailegeza ile kamba kuliko vingine. Kuna chupa ya mchanga mezani. Mchanga unashuka kwa dakika moja na nusu. Basi, kesi imekwisha."

"Na kibao chenyewe kikiwa si kweli?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyenawia mikono kwenye bakuli la mchuzi.

"Hilo swali halimo," alisema.

"Anayeandika vibao ni nani?"

"Watunga Vibao. Wanakaa katika chumba kisicho na dirisha, wasije wakashawishika."

Niliuliza kwa nini mtu asiende tu kuangalia. Hapo Vuai alifunga mlango wa darasa. Kwenda kuangalia, alisema, kunaitwa kuchungulia, na kuchungulia ni kosa. Mwanafunzi anayetupia jicho karatasi ya mwenzake na raia anayetupia jicho kisima wanashtakiwa kwa kifungu kimoja, maana wote wawili wametafuta jibu nje ya karatasi waliyopewa.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumcheka. Akaniwahi.

"Usidhani babu zetu walikuwa wapumbavu, Mzee. Zamani walikuwa wanakwenda kuangalia. Kila aliyekwenda alirudi na lake. Aliyetumwa na ndugu wa mshtakiwa aliona hivi, aliyetumwa na jirani aliona vile. Kesi ya mbuzi mmoja ilichukua miaka tisa. Mbuzi akafa, mshtakiwa akafa, wajukuu wakarithi kesi. Na kabla ya hapo tena, kulikuwa hakuna kulegeza kabisa; ukitangulia umekwisha. Vibao vimeokoa watu wengi. Kibao hakina ndugu, hakina jirani, na hakipokei samaki."

Niliufunga mdomo. Nimeona kwa macho yangu wakaguzi wenzangu wakipokea samaki. Hakuna upumbavu wa watu ambao haukuanza kama dawa ya upumbavu mwingine, na kijana yule aliipenda kazi yake kwa moyo safi. Lakini nilipotoka barazani na kuinua macho kulitazama lile paa jipya, niliona mfereji wa bati ukianzia kwenye ukingo wake, ukavuka ukuta, ukaenda kuishia kwenye tangi la mji.

"Huu mfereji ni wa lini?" nilimuuliza Faki.

"Miezi mitatu," alisema. "Tulifanya sherehe."

*

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa kali na watu wamelala, nilimwacha Faki akikoroma nikaenda kwenye tangi. Nasema wazi kwamba sikuwa shujaa. Nilikuwa mkaguzi, na mkaguzi asiyekagua huwashwa mikono. Mfuniko ulikuwa mzito mno kwangu, lakini pale mfereji ulipoingilia palikuwa na pengo la kiganja kimoja. Harufu ilinipokea kabla ya kitu chochote. Kisha macho yakazoea giza nikaona popo, wanne au watano, wamevimba, wanaelea katika utando mzito kama mtindi ulioharibika. Nikageuka kuufuata mfereji kwa macho mpaka juu. Chini ya ukingo wa paa la Chuo popo walikuwa wamejipanga kama soksi zilizoanikwa, na kila mvua iliponyesha iliosha uchafu wao wote na kuuleta hapa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Vuai. Nilipotamka neno "tangi" aliziba masikio.

"Usiniambie, Mzee. Nakuomba. Nikishajua siwezi kuchagua tena, nitafutiwa leseni. Siwatu atabaki na nani?" Alipoona nimenyamaza akaishusha mikono. "Na wewe usimwambie mtu. Aliyegundua ndiye aliyeleta. Watasema uchafu umeingia siku uliyouona."

Nami nikanyamaza. Hili naliandika ingawa linanichoma. Nilijiambia mimi ni mgeni, nilijiambia mtetezi anajua kazi yake kuliko mimi, na nilijiambia mambo mengine ambayo mtu mwoga hujiambia akiwa na chakula kizuri na kitanda cha kulala. Jioni ile nilimwona Faki akimnywesha Mwatima maji kwenye kikombe cha bati. Nikasema mtoto anywe uji tu, maji yana baridi. Baridi, siku ile ya jua kali. Faki alinishukuru kwa kujali.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Msimamizi alikuwa Bi Mize, Mpimaji Mkuu, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno. Mkazaji, yaani mshtaki, aliitwa Machano, na alikuwa na sauti ya kupendeza, jambo ambalo siku zote limenitia wasiwasi kwa watu wenye kazi za namna hiyo.

"Kabla ya uji, watoto walikuwa wazima," alisema Machano. "Baada ya uji, watoto wanaumwa. Ishirini na watatu. Panapofuka moshi pana moto." Akaketi. Watu waliguna kwa kuridhika. Hoja ilikuwa fupi na imekaza.

Siwatu alisimama peke yake amevaa kanga mbili safi. Alikuwa ameleta furushi dogo la nguo chini ya kwapa, endapo itatokea lazima avuke. Nilipoliona lile furushi nilishindwa kumtazama usoni.

Vibao vitano vikaletwa vikapangwa mezani, na chupa ya mchanga ikapinduliwa. Karani alivisoma kwa sauti. Kimoja kilisema Siwatu ni mtu mwema na majirani wanamsifu. Kingine kilisema baadhi ya watoto wa mji huumwa macho. Kilikuwepo cha kusema kwamba uji wa Siwatu una tangawizi nyingi kuliko wa wengine, nikaona Vuai akikunja uso, maana hicho kilikuwa kinamkazia mama wa watu. Kingine kilisema wauza uji wapo hata katika miji ya jirani. Na kimoja kilisema hivi: katika Mtaa wa Juu, watoto wote hunywa uji wa Siwatu kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeumwa tumbo.

Mchanga haukufika nusu. Vuai alinyanyua hicho cha mwisho juu ya kichwa chake.

"Chukulia kuwa ni kweli," alisema Bi Mize.

"Tumechukulia," ukumbi ukaitikia.

"Hoja imelegea. Mshtakiwa yuko huru."

Watu walishangilia, na mimi nilishangilia nao, machozi yakanilenga. Kisha nikamnong'oneza Faki, "Huo Mtaa wa Juu uko wapi? Sijaupita."

"Haupo, Mzee," alisema Faki akipiga makofi. "Mji wetu ni tambarare."

Wana desturi moja baada ya mtu kuachiliwa. Ndoo huletwa, imejazwa kutoka kwenye bomba la tangi, na watu wote hunywa kikombe kimoja kimoja kuonyesha kwamba hakuna kinyongo. Aliyeachiliwa hunywa kwanza. Ndiyo siku pekee katika maisha ya Msababuni anayoruhusiwa kuwa wa kwanza bila kuulizwa. Watoto waliwekwa mbele, vikombe mkononi, na Mwatima alikuwa kwenye paja la babu yake, amekishika chake kwa mikono miwili.

Siwatu alipokea kikombe chake. Alikitazama, akamtazama Mwatima. Kisha akakigeuza, maji yakamwagika sakafuni mwa mahakama.

"Sijawahi kuuza uji Mtaa wa Juu," alisema. Hakupaza sauti. "Mtaa wa Juu haupo. Nyinyi mnajua na mimi najua. Mmeniachia kwa uongo uliochaguliwa vizuri, na mwanangu Vuai nakushukuru, sina makuu. Lakini nimekuja hapa watoto wanaumwa, na naondoka hapa watoto wanaumwa. Uji wangu nauchemsha. Haya maji hamyachemshi. Twendeni tukaangalie."

Machano ndiye aliyesimama, na lazima niseme alisimama kwa huruma. "Mama Siwatu, umeshakuwa huru. Ukienda huko wewe wa kwanza, unajua anayegundua—"

"Najua anayegundua anaitwaje."

Akaweka furushi lake kwenye benchi, akatoka. Alipita katikati ya ule mlango wa watu wawili, peke yake, nafasi ikabaki kila upande.

Watu walitazamana. Niliwaona wakitazamana, nikakumbuka kiwanja chenye majivu. Na mimi nilikuwa natazama vilevile.

"Nishikie, Mzee," alisema Faki, akaniwekea Mwatima mapajani. Kisha yule mtu wa miguu mirefu akakimbia. Alimfikia Siwatu katikati ya uwanja, akapunguza mwendo, akaanza kutembea bega kwa bega naye, hatua kwa hatua, kama alivyotembea nami wiki nzima. Mama mmoja akaona akatoka mbio, akajipanga upande wa pili. Kisha baba mmoja na mkewe. Mwishowe wazazi karibu arobaini waliuvuka uwanja katika mstari mmoja ulionyooka, hakuna aliyezidi hata kwa kidole cha mguu, wakikanyaga bustani ya mchicha ya mahakama kwa kuwa mstari ulikuwa mpana kuliko njia. Waliuwekea mfuniko mikono yote iliyoweza kuenea. Ukanyanyuka.

Harufu ilitoa ushahidi wake mpaka barazani. Machano alitapikia joho lake. Bi Mize alikuja taratibu, akachungulia, naam, Mpimaji Mkuu alichungulia, kisha akashika leso puani.

"Nani ameufunua?" aliuliza. Alilazimika kuuliza, ndiyo sheria, na karani alikuwa tayari na kalamu.

"Tulikuwa sambamba, Mheshimiwa," alisema Faki. "Kazi yangu ni hiyo."

Bi Mize aliutazama mstari ule kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitafuta mtu aliyetangulia. Kisha akamwambia karani aandike: mfuniko ulifunuka. Vuai alikuwa nyuma ya wote, bado ameshika kibao cha Mtaa wa Juu. Alikisoma tena. Akakiweka chini karibu na ukuta, akachukua ndoo.

*

Tangi lilikaushwa, likasuguliwa kwa chokaa, na wavu ukafungwa penye mfereji. Kwa wiki moja watu walichota maji mtoni, wakanung'unika. Katika wiki ya tatu Mwatima aliamka, akakaa, akadai uji wenye sukari nyingi, na alipopewa akasema hautoshi. Faki alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Sikumfuata.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Baraza la nchi lilikaa siku nne kujadili ni nini kilichowaponya watoto. Lilifuata sheria. Lilirudi nyuma hatua kwa hatua kutafuta kilichotangulia kupona, likapita kwenye chokaa bila kusimama, likapita kwenye wavu, na lilipofika kwenye kikombe kilichomwagwa mahakamani likasimama kwa furaha. Tangazo likabandikwa: kila asubuhi kila nyumba imwage kikombe kimoja cha maji sakafuni. Juu ya kusafisha tangi hapakuwa na neno. Vuai alipeleka maombi kwamba kiongezwe kibao cha sita, kitakachosomeka *Twende tukaangalie*. Alijibiwa kwa heshima kwamba pendekezo lake limepelekwa kwa Watunga Vibao, katika chumba kile kisicho na dirisha.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilimwendea Siwatu nikamwambia watu wake ni vichwa vya samaki, watakufa na vikombe vyao mkononi.

"Waache wamwage, Babu," alisema akikoroga. "Maji hayajaidhuru sakafu. Mimi kila mwisho wa mwezi nitaufunua ule mfuniko. Faki amesema atakuwa sambamba nami, na Vuai ameomba nafasi upande wa kushoto."

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mpakani, amenifungia uji kwenye chupa ya chai. Karani, chini ya paa lake jipya, alifungua daftari kwenye jina langu. Mgeni akitoka huandika mwenyewe, katika safu ya tatu, jambo alilolisababisha nchini. Nilikuwa nimeliwazia jambo hilo njia nzima. Nilikuwa nimefika, na watoto walikuwa wamepona. Sikuwa nimejigamba kwa mtu, lakini moyoni nilikuwa nimeshalipanga: mkaguzi kaja, kaona, kakohoa mbele ya mtu mmoja au wawili, na mji ukaamka. Nilichovya kalamu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nilimwambia Siwatu, nikicheka kidogo ili ionekane ni utani.

Hakucheka. Alinitazama kwa macho yale yasiyopepesa, na nadhani alikuwa ananionea huruma.

"Babu, mimi nilichungulia pale siku nne kabla hujaja. Ndiyo maana nilikuwa nachemsha mara mbili."

Wino ulidondoka kwenye daftari. "Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Karani alikuwa anangoja. Mbali huko nyuma kengele ya maduka ilipigwa na wale watu wawili, na nyumba kwa nyumba watu walikuwa wanamwaga vikombe vyao. Nikajiona ni yule jogoo aliyewika, kukakucha, naye akaenda kudai malipo ya jua.

"Uliogopa," alisema Siwatu. "Na mimi niliogopa. Siku ile nilimwona mtoto ameshika kikombe kwa mikono miwili, basi. Usijitafutie zaidi ya hapo. Uji utapoa."

Niliinama juu ya daftari, nikaandika katika safu ile ya tatu: *Nilikuwepo tu.* Karani alilisoma mara mbili, akasema jibu la namna hiyo halimo katika orodha yake. Nikamwambia aende akaangalie.